Konea mpya isikataliwe: mwongozo kwa mgonjwa anayeishi Tanga

Konea ni kioo cha mbele cha jicho. Unene wake ni nusu milimita na ushee, na haina hata mshipa mmoja wa damu. Ukosefu huo wa damu ndio uliofanya upandikizaji wake ufaulu mapema kuliko wa figo au moyo: Eduard Zirm aliufanya mwaka 1905 katika mji wa Olomouc, ambao leo uko nchini Cheki, wakati dawa za kutuliza kinga ya mwili bado hazijajulikana. Hata leo aliyepandikizwa konea kwa kawaida hutumia matone tu, hamezi vidonge maisha yake yote kama aliyepewa figo.

Wagonjwa wengi wakisikia hayo hujiona wameshavuka. Wanarudi zao Makorora au Muheza, jicho linaona, chupa ya matone inaisha, na hakuna anayenunua nyingine. Lakini kinga ya mwili inaweza kuishambulia konea wiki chache baada ya upasuaji, na inaweza pia kuishambulia baada ya miaka kumi, ingawa hatari ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza na wa pili.

Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo: konea kukataliwa na konea kufa ni mambo mawili. Kukataliwa ni shambulio. Likidakwa mapema, mara nyingi hutulizwa na jicho likarudi kuona. Konea hufa pale shambulio linapoachwa mpaka seli za tabaka la ndani kabisa, ambazo kazi yake ni kusukuma maji yatoke ndani ya konea, zinapokwisha. Kwa binadamu seli hizo hazizaliwi upya. Zikipungua kupita kiasi, konea inavimba, inakuwa na ukungu, na hapo hakuna tone litakaloirudisha.

Hatua ya 1: Jua hatari yako kabla ya kukubali kisu

Muulize daktari bingwa wa macho swali hili: "Daktari, konea yangu imeingiliwa na mishipa ya damu? Robo ngapi?" Wataalamu huigawa konea robo nne. Mishipa iliyozama ndani katika robo mbili au zaidi huliweka jicho kwenye kundi la hatari kubwa, pamoja na macho ya waliokwisha kukataliwa konea ya kwanza. Mishipa hiyo ndiyo barabara ya askari wa kinga, na kando yake huota mirija ya limfu inayopeleka habari za mgeni hadi kwenye tezi. Kwenye jicho tulivu lisilo na mishipa, karibu konea tisa katika kumi huwa bado angavu mwaka wa kwanza ukiisha. Kwenye jicho lenye mishipa mingi matumaini yanaweza kushuka hadi nusu, au chini ya hapo.

Mishipa hiyo huletwa na nini? Hapa kwetu sababu nyingine zinajulikana hata na asiyesoma udaktari. Jani la mkonge lina mwiba nchani, na aliyefanya kazi shambani anajua unavyoweza kukupata usoni unapoinama kukata. Jicho lililochomwa na mmea linaweza kuingia fangasi, likafanya kidonda, na kidonda kikipona kinaacha chamba cheupe chenye mishipa. Mwenye jicho la namna hii anahitaji konea mpya kuliko mtu yeyote, na ndiye huyo huyo ambaye mwili wake unaweza kuikataa kwa urahisi.

Chokaa ni mbaya zaidi. Ikirukia jichoni wakati wa kupaka ukuta au kuchanganya, huunguza ukingo wa konea, mahali zinapokaa seli mama zinazotengeneza upya ngozi yake ya juu. Ukingo ukishaungua, kushona konea mpya peke yake ni kazi bure, kwa kuwa haitapata ngozi ya kuifunika. Ukingo utatibiwa kwanza, na hiyo ni safari nyingine. (Chokaa ikiingia jichoni, mwagia maji safi mengi hapo hapo, nusu saa nzima, ukiwa umefunua kope, ndipo uende hospitali. Usianze kwa kutafuta usafiri.)

Mambo mengine ya kumwambia daktari hata kama hakuuliza:

Trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukizana, hasa ikiwa kope zimepinda ndani na zinakwaruza jicho. Kope zirekebishwe kwanza.

Virusi vya herpesi, vile vinavyotoa malengelenge mdomoni. Vikiwahi kuingia jichoni vinaweza kurudi kwenye konea mpya, na daktari huenda akakuandikia asikilovir, dawa ya kuzuia virusi hivyo, ya kumeza kwa miezi mingi.

Presha ya macho, pamoja na upasuaji wowote uliofanyiwa kwa ajili yake.

Macho makavu, na aleji ya macho ya tangu utotoni, ile inayomfanya mtoto ashinde akifikicha. Kufikicha huko kwa miaka kunahusishwa na konea kuchongoka mbele. Konea iliyochongoka ina bahati yake: kwa kawaida haina mishipa, kwa hiyo wenye tatizo hilo ndio wanaofanya vizuri kuliko wengi. Sharti aleji itulizwe kwanza na mkono uache jicho.

Umri nao unahesabiwa. Kinga ya mtoto ni kali, na mtoto hasemi kwamba ameanza kuona ukungu, kwa hiyo mzazi ajiandae kwa kliniki nyingi kuliko za mtu mzima.

Kuna yanayowahangaisha watu bila sababu. Kwamba aliyetoa konea alikuwa mzungu, mwanamke, mzee au wa dini nyingine si jambo linaloamua kama itakataliwa. Na rangi ya jicho haibadiliki, kwa sababu rangi iko nyuma ya konea.

Hatua ya 2: Uliza utabadilishiwa konea nzima au tabaka

Zamani konea yote ilikatwa duara ikashonwa nyingine. Siku hizi, panapowezekana, hubadilishwa tabaka lililoharibika tu. Kama kovu au mchongoko uko mbele na tabaka la ndani ni zima, daktari anaweza kukuachia tabaka lako la ndani, na hapo lile shambulio baya zaidi halina cha kushambulia, seli zile ni zako mwenyewe. Kama tabaka la ndani ndilo bovu, anaweza kubadilisha utando huo mwembamba peke yake. Ukataaji wake ni mdogo mno ukilinganisha na konea nzima. Si kila kovu linaruhusu, wala si kila hospitali ina vifaa au daktari aliyezoea. Swali hata hivyo ni haki yako. Uliza pia ukubwa: konea pana, au iliyoshonwa karibu na ukingo wenye damu, hukataliwa zaidi.

Hatua ya 3: Panga safari ya mwaka mzima

Huenda ukafanyiwa upasuaji mbali: Dar es Salaam, Nairobi, au India. Ndugu huchangishana nauli, kitanda na upasuaji, na hapo mchango unaisha. Mimi ningeanza hesabu upande wa pili. Matone ya mwaka mmoja ni shilingi ngapi? Kwenda na kurudi kliniki ni mara ngapi? Nani ataongozana na mgonjwa? Kama fedha haitoshi kwa hayo, upasuaji usogezwe mpaka itoshe, isipokuwa daktari aseme jicho liko hatarini kutoboka.

Kabla ya kuondoka hospitali uliyofanyiwa, toka na karatasi iliyoandikwa mambo haya: jicho gani, tarehe, konea nzima au tabaka, dawa zote na ratiba ya kuzipunguza, presha ya jicho ilikuwa ngapi, na simu ya kliniki inayopokelewa. Ipige picha kwenye simu yako na ya mtu mwingine nyumbani. Kisha nenda kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, Bombo, ukiwa bado mzima. Jitambulishe, waonyeshe karatasi, wafungue faili. Siku jicho litakapowaka hutakuwa mgeni pale.

Hatua ya 4: Matone

Hapa ndipo konea nyingi zinapookolewa au kupotezwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dawa kuu ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza kinga na uvimbe, mara nyingi prednisoloni ya asilimia 1 au deksamethasoni. Huanza mara nyingi kwa siku, kisha hupunguzwa polepole kwa miezi. Waliobadilishiwa konea nzima wengi hubaki na tone moja kwa siku kwa mwaka na zaidi. Wenye hatari kubwa huambiwa wasiache kabisa. Anayepunguza ni daktari. Jicho kuwa jeupe, lisilouma, ndiyo kazi ya dawa inayoonekana, wala si ruhusa ya kuiacha.

Prednisoloni nyingi za chupa ni maji yenye unga. Chupa ikisimama, unga unatua chini. Ukidondosha bila kutikisa unapata maji matupu wiki za mwanzo, na mwishoni mwa chupa unapata dawa nzito. Itikise vizuri kila mara, hata kama umeitikisa asubuhi.

Nawa mikono kwa sabuni. Kaa au lala, angalia juu, vuta kope ya chini kwa kidole ifanye mfuko, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa kope wala jicho. Usibonyeze kope ya juu. Funga jicho taratibu, na kwa kidole bonyeza pembe ya jicho upande wa pua, dakika moja au mbili, dawa isishukie kooni. Kama una dawa ya pili, subiri dakika tano. Mkono ukitetemeka, mpe kazi hiyo mjukuu mwenye subira, umfundishe mbele ya nesi.

Chupa iliyofunguliwa huwa inatupwa baada ya wiki nne, hata ikiwa na dawa. Iandike tarehe kwa kalamu. Joto la Tanga tunalijua: usiiache dirishani wala kwenye gari lililoegeshwa juani, na soma kwenye boksi kama inataka friji.

Duka la dawa nalo lina mitego yake. Mama wa makamo anaingia na boksi tupu mkononi.

"Shikamoo mama. Hii imeisha, lakini chukua hii hapa, zote ni za macho."

"Marahaba mwanangu. Hapana, nipe iliyoandikwa hapa. Kama haipo nitaulizia kwingine."

Huyo mama amefanya sawa. Chupa mbili zinaweza kufanana rangi na bei, moja ikawa antibiotiki tu isiyozuia ukataaji hata kidogo. Nunua chupa ya akiba kabla ya uliyonayo kufika nusu.

Ramadhani huleta swali lake kila mwaka, na wapo wanaoacha matone mchana kutwa kwa hofu ya kufungua. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani yetu, tone la jicho halibatilishi saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu nalo lilitoa uamuzi kama huo katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, asingoje siku ya kwanza ya kufunga. Maji ya kutawadha ni suala tofauti: wiki za mwanzo yasiingie jichoni, na daktari ndiye atakayesema mpaka lini.

Steroidi ina gharama. Inaweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na ikitumika muda mrefu huleta mtoto wa jicho. Presha ikipanda, inaua mshipa wa fahamu wa jicho na kuichosha konea yenyewe. Kwa hiyo kila kliniki presha ipimwe. Ikisahaulika, kumbusha. Ukiambiwa imepanda usiache steroidi kwa uamuzi wako. Daktari ataongeza dawa ya presha au kubadilisha aina.

Na wanja, asali, maziwa ya mama, maji ya majani yaliyotwangwa: jicho hili lisivione. Vinaingiza vijidudu, na uvimbe wowote unaoletwa na vijidudu huiamsha kinga ambayo matone yalikuwa yanaituliza.

Hatua ya 5: Kipimo cha kila asubuhi

Chagua kitu kimoja chenye maandishi, ukitazame kutoka sehemu ile ile, kwenye mwanga ule ule. Kalenda ukutani inatosha. Najua nyumba moja Chumbageni ambako kanga imetundikwa ukutani kwa kazi hiyo, na mgonjwa husoma jina la kanga hiyo akiwa amekaa kwenye kiti kile kile, kabla ya chai. Ziba jicho la pili, lile lisilopandikizwa, kwa kiganja, bila kulibonyeza, kisha soma kwa jicho lililopandikizwa. Kuziba ni lazima: jicho la pili likiwa wazi, lile lililopandikizwa linaweza kufifia kwa majuma bila mwenyewe kujua.

Usitarajie kusoma vizuri mwanzoni. Konea nzima huchukua miezi kutulia na huenda ukahitaji miwani. Unachotafuta ni tofauti ya leo na jana.

Hatua ya 6: Nyuzi

Konea nzima hushonwa kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, na nyuzi nyingine hukaa mwaka na zaidi. Uzi ukilegea au kukatika, unahisi mchanga jichoni, na tongotongo hunasa hapo. Wengi hupuuza kwa kuwa haiumi sana. Uzi uliolegea huita mishipa ya damu, hufungua mlango kwa vijidudu, na unaweza kuanzisha ukataaji, vyote kwa mpigo. Nenda siku hiyo au kesho yake. Usiuvute kwa kibano wala kwa kucha. Hata daktari akiutoa mwenyewe, muulize kama matone yaongezwe kwa siku kadhaa, maana kutoa nyuzi nako kumewahi kuamsha shambulio.

Pigo nalo ni hatari. Kidonda cha konea nzima hakirudii nguvu ya awali hata baada ya miaka. Vaa miwani shambani na kazini, lala na kikinga jicho wiki za mwanzo, na mjukuu anayerusha kichwa akiwa mapajani ahamishiwe kwa mtu mwingine. Anayekwenda kuchanja amtajie daktari wake wa macho. Kumeripotiwa ukataaji baada ya chanjo, mara chache, na wengine huongezewa matone kwa muda. Usiache chanjo kwa sababu hiyo.

Hatua ya 7: Jicho likibadilika

Dalili ni nne: wekundu, mwanga kuumiza, kuona kupungua, na maumivu. Huhitaji zote. Moja tu iliyoanza leo na haijatulia ndani ya saa chache inatosha. Maumivu yanaweza yasiwepo kabisa, kwa hiyo "haliumi" si sababu ya kusubiri.

Piga simu kwa waliokufanyia, na siku hiyo hiyo nenda kliniki ya macho iliyo karibu ukiwa na karatasi yako na chupa zote. Sema hivi mapokezi, kwa sauti: "Nimepandikizwa konea jicho hili, na tangu jana haliko sawa." Usikae foleni ya miwani. Daktari atalitazama kwa darubini yenye mwanga mwembamba unaolikata jicho, akitafuta uvimbe, vidoa nyuma ya konea, au mstari wa seli za kinga unaotambaa juu ya tabaka la ndani. Mstari huo unaitwa kwa jina la Khodadoust, daktari wa macho wa Iran.

Usianze mwenyewe kudondosha steroidi kila saa kwa kuwa jirani alifanya hivyo. Ni kweli kwamba tiba ya ukataaji mara nyingi ndiyo hiyo, tone kila saa mchana kutwa, na pengine sindano au vidonge. Lakini kidonda cha vijidudu huanza kwa dalili hizo hizo, na steroidi peke yake hukilisha. Darubini ndiyo inayotofautisha. Endelea na dozi yako ya kawaida mpaka uonwe.

Kama ni Ijumaa jioni na uko Pangani au Lushoto, usingoje Jumatatu. Nenda hospitali ya wilaya, waombe wampigie daktari wa macho, na upange gari la alfajiri.

Hatua ya 8: Ikishindikana

Konea iliyokufa inaweza kubadilishwa tena, ila kila marudio huongeza uwezekano wa kukataliwa. Kwa kawaida husubiriwa miezi jicho litulie, mishipa idhibitiwe, presha ishuke, na huenda safari hii ukaongezewa vidonge vya kutuliza kinga vinavyohitaji kupima damu mara kwa mara. Rudi Hatua ya 1, uulize tena zile robo ngapi, kwa sababu huenda jibu limebadilika. Na kama jicho la pili linaona vizuri, wapo wanaoamua kuishia hapo, wabaki na matone ya kuondoa maumivu tu. Zungumzeni hilo na daktari waziwazi, na mtu wa nyumbani awepo.